Pua ya Mbwa Mzee

Mbwa hupendwa sana akiwa kijana. Usiku hubweka, mwizi hukimbia, na watu wa nyumba hulala salama. Lakini miaka hupita. Akifika miaka kumi hivi, mvi huota kuzunguka mdomo wake, macho huingia ukungu, na masikio hayasikii tena mlango ukifunguliwa. Hapo watu wengine husema, "Huyu hana kazi tena. Anakula bure." Humfukuza barabarani, afe kwa njaa.

Je, ni kweli kwamba hana kazi? Tuchunguze.

Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu na kiziwi. Macho yake hufunguka baada ya majuma mawili hivi. Lakini tangu siku ya kwanza hulifikia ziwa la mama yake kwa kufuata harufu na joto. Uzeeni macho hufifia na masikio huziba, lakini pua kwa kawaida hudumu kuliko vyote. Pua hutangulia kuja, tena huchelewa kuondoka.

Pua inavyofanya kazi

Wataalamu hukadiria kwamba pua ya mtu ina chembe za kupokea harufu milioni 5 au 6. Pua ya mbwa huweza kuwa na zaidi ya milioni 200. Ncha yake ni ya majimaji, nayo hunasa harufu ipitayo hewani. Mbwa akivuta hewa, sehemu moja huenda mapafuni kwa kupumua, na sehemu nyingine huenda chumba cha kunusia. Akitoa pumzi, hewa hutokea kwenye nyufa za kandoni mwa pua, isije ikafukuza harufu mpya iliyo mbele yake.

Kazi ya pua hiyo imeonekana karibu na Goma. Mwaka 2011 kikosi cha mbwa wa kunusa kilianzishwa katika hifadhi ya Virunga, makao yake Rumangabo, katika njia ya kwenda Rutshuru. Daktari wa mifugo kutoka Uswisi, Marlene Zähner, alisaidia kukianzisha. Mbwa wale walikuwa wakubwa, wenye masikio marefu yanayoning'inia. Walifundishwa kufuata nyayo za majangili wauao tembo, na kutafuta watu waliopotea. Mbwa wa namna hii hufundishwa kwa mchezo: kutafuta, kupata, kisha kupewa zawadi. Mchezo huo huo wafaa kwa mbwa mzee wa nyumbani.

Mchezo wa kutafuta

Chukua sambaza wachache wa ziwa Kivu, waliokaushwa bila chumvi. Wakate vipande vidogo.

Kwanza, mwonyeshe mbwa kipande kimoja. Kiweke chini mbele yake, ukifunike kwa kikombe. Akikigusa kikombe kwa pua, kiinue upesi, ale, nawe umsifu.

Pili, weka vikombe vitatu. Ficha kipande chini ya kimoja tu. Mwache anuse vyote. Usimwonyeshe kwa kidole, wala usimkaripie akikosea. Kutafuta ndiko kunakomfurahisha.

Tatu, akisha kuelewa, ficha vipande uani: nyuma ya jiwe, chini ya kikapu, kando ya gurudumu la chukudu. Anza mahali pa karibu, kisha pa mbali kidogo. Angalia upepo. Upepo ukitoka kwenye kipande kuja kwa mbwa, atakiona upesi. Ukienda upande mwingine, atazunguka kwanza.

Dakika tano hadi kumi zatosha, kwa maana kunusa huchosha akili kama hesabu inavyomchosha mwanafunzi. Acha kabla hajachoka. Mpe maji, kisha mwache alale.

Mambo ya kuangalia

Cheza na mbwa wa kwenu tu, aliyechanjwa kichaa cha mbwa. Usimguse akiwa amelala, maana asiyesikia hushtuka na kuuma. Piga mguu chini kwanza, ahisi mtikisiko. Usimtembeze juu ya mawe makali ya volkeno, kwa sababu nyayo na viungo vyake vimedhoofika. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni.

Tena kuna hatari moja kubwa. Watoto wa Goma wanalijua neno mazuku. Hiyo ni gesi itokayo ardhini penye volkeno. Haionekani, wala mtu hasikii harufu yake. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa mashimoni na mabondeni, hasa usiku na asubuhi mapema kabla upepo haujavuma. Wanyama na watu wamekufa humo. Mbwa anayenusa huinamisha kichwa chini, palepale gesi ilipo. Hata pua yenye chembe milioni 200 usiitegemee hapo. Basi usifiche kitu shimoni kamwe. Cheza uani, mahali pa juu, jua likiwa limekwisha kupanda na upepo unavuma. Mbwa akianguka shimoni, usimfuate hata kama unampenda sana. Ondoka, panda juu, ukawaite watu wazima wanaopajua mahali hapo.

Mbwa mzee achezaye hivi kila siku huwa na furaha tena. Hawezi kukimbia kama zamani, lakini mkia wake hutikisika akiona vikombe vinaletwa. Aliwalinda watu wa nyumba miaka mingi. Ni haki yake kutunzwa. Wahenga walisema: Jungu kuu halikosi ukoko.

Maswali

1. Mtoto wa mbwa hulifikiaje ziwa la mama yake, naye haoni wala hasikii?
2. Kwa nini mbwa hutoa pumzi kandoni mwa pua?
3. Kikosi cha Rumangabo kilianzishwa mwaka gani, na kwa kazi gani?
4. Mazuku hukaa wapi, na kwa nini?
5. Eleza maana ya methali iliyo mwisho wa somo. Taja mzee mmoja wa kwenu, na kazi anayoijua kuliko vijana.