SOMO LETU: KISIMA CHA CHUMVI NA BUSTANI YA VIUNGO



Sisi tunaokaa karibu na bahari tunaijua taabu ya visima vyetu. Ukionja maji, yana chumvi. Mtu anamwagilia nanaa, mrehani na giligilani kila siku, lakini majani yanakauka kwenye ncha na mimea inadumaa. Wengine husema ni jicho la jirani. Sivyo, ni chumvi.

Chumvi inafanya nini? Kwanza, inazuia mizizi isinywe maji. Udongo umelowa, kumbe mmea una kiu! Pili, inazuia mizizi isipate chakula kama potasiamu. Hapo majani nayo yanaweza kulishwa kidogo kwa kunyunyiziwa mbolea ya maji.

Fuata hatua hizi:

1. Soma maandishi ya paketi. Tafuta mbolea ya naitreti ya potasiamu inayoyeyuka majini.

2. Pima gramu 5 kwa lita 1 ya maji. Bomba la lita 15 linataka 5 x 15 = gramu 75. Paketi ikitaja kipimo kidogo zaidi, fuata paketi. Usikisie kwa kiganja.

3. Changanya na maji ya mvua, siyo ya kisima cha chumvi. Bomba lililotiwa dawa ya wadudu lisitumike.

4. Nyunyizia jioni. Jaribu miche michache kwanza, ungoje siku 3.

5. Osha majani vizuri kabla ya kula.

Mimi mwenyewe niliwahi kunyunyizia saa saba mchana, tena kwa kukisia. Kesho yake mrehani wangu ulikuwa kama umepitiwa na moto. Kusoma nilijua, kupima nilipuuza!

Lakini tusidanganyane. Mbolea hii haiondoi chumvi ardhini. Inamtia mgonjwa nguvu tu. Chumvi huondolewa na maji matamu mengi yanayopita chini. Basi inua matuta, chimba mifereji, mvua ya masika ioshe udongo. Tia samadi iliyooza, tandaza nyasi kavu. Ukimwagilia maji ya kisima, mwagia shinani, usilowanishe majani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mmea huona kiu katika udongo uliolowa?

2. Bomba la lita 10 linataka gramu ngapi?

3. Bustani yako ina mfereji? Kama hauna, utauchimba lini?