Kugeuzwa au Kushirikishwa? Istilahi ya Fundisho la Kikatoliki katika Mazingira ya Kishapu

1.0 Utangulizi
Makala hii inachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kutaja fundisho ambalo mababa wa Kanisa wa Kigiriki waliliita theosisi: kwamba Mungu humwinua binadamu, na pamoja naye ulimwengu, hata aupokee uzima wake mwenyewe. Mfano wetu ni Kishapu, mkoani Shinyanga. Katika parokia ya Ndoleleji wilayani humo, Padre Donald Sybertz wa shirika la Maryknoll na watafiti wenyeji walikusanya methali na hadithi za Kisukuma kwa ajili ya katekesi. Kazi hiyo yaonyesha kuwa fundisho husikika kupitia maana ambazo msikilizaji tayari anazo.

2.0 Istilahi Tatu
Ya kwanza ni kugeuzwa. Kitenzi hiki kina kazi yake maalumu katika mageuzo ya Ekaristi, yaliyofafanuliwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1551: dhati ya mkate hubadilika, maumbo hubaki. Kwa binadamu ni kinyume: dhati hubaki, nayo neema huikamilisha, kama alivyofundisha Thomas Aquinas. Aidha, mtu “aliyegeuzwa” huweza kumkumbusha msikilizaji msukule, yaani mtu aliyeporwa nafsi ili amtumikie mwingine.

Ya pili, kufanywa mungu, yaelekea kufuta mpaka baina ya Muumba na kiumbe.

Ya tatu, kushirikishwa uungu, yakubaliana na 2 Petro 1:4. Viambishi -ish- na -w- vyabainisha kuwa mtenda ni Mungu. Binadamu hupokea bila kupoteza nafsi yake.

3.0 Tatizo la Mzizi
Hata hivyo, mzizi huohuo wenye asili ya Kiarabu ndio uliozaa neno ushirikina. Hili si suala la msamiati tu. Kuanzia mwaka 2007, mauaji ya watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa yalihusishwa na imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, hasa migodini na katika uvuvi. Imani hiyo nayo yadai mageuzo: mwili wa mmoja ugeuzwe mali ya mwingine. Mshirikina hujitwalia nguvu kwa kumwangamiza jirani. Anayeshirikishwa hupewa, na humtambua jirani kuwa ameitiwa uzima uleule. Na kwa kuwa Warumi 8 yaunganisha viumbe vyote na ukombozi huo, hata ardhi ya Mwadui, iliyoanza kuchimbwa almasi mwaka 1940, si mali tupu.

4.0 Hitimisho
Twapendekeza kushirikishwa uungu. Undugu wake na ushirikina usifichwe darasani. Uwe ndio mwanzo wa somo.