Kugeuza na Daladala: Mafunzo Niliyopata Nikimsindikiza Mama Mdogo Kliniki

Mwaka 2020 Tanzania haikufungia watu ndani. Barabara za Mwanza zilikuwa wazi, vivuko vilivusha. Hata hivyo mama mdogo, mgonjwa wa kisukari anayetoka Sengerema, ng'ambo ya ziwa, kuja kliniki mjini, nusura aiache.

1. Wa kituo cha katikati ndiye anayeumia. Machi 16 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa, na haikupita muda ikaja amri ya levo siti: daladala zibebe waliokaa tu. Amri yenyewe siilaumu. Lakini mama mdogo hufikia kwangu Mkuyuni, na magari ya kutoka Buhongwa yalikuwa yakipita yamejaa, konda anapunga mkono tu. Ikabidi tugeuze: tunapanda gari linalorudi Buhongwa, tunakaa, tunageuka nalo kwenda mjini. Nauli mara mbili, tena ya watu wawili, maana mtu ambaye sukari inaweza kushuka njiani huwezi kumwachia asafiri peke yake. Bodaboda? Kwa magoti yale, hapana.

2. Kivukoni levo siti haikuwepo. Pale Busisi basi liliingia kivukoni, abiria wakashuka na kuvuka wamesimama, bega kwa bega. Gari la wagonjwa lilipewa njia. Mgonjwa aliyekuja na basi alihesabiwa abiria, sawa na mwenye ndoo ya dagaa. Msongamano ule aliuogopa kuliko sindano.

3. Daktari aelezwe safari pia. Alipoisikia habari ya kivuko, alimwandikia dawa za muda mrefu zaidi, akamruhusu kupima sukari karibu na nyumbani.

4. Mjamzito ana namba ya kupiga. Mfumo wa M-mama, ambao Sengerema ni miongoni mwa sehemu ulikoanzia, hupokea simu bure kwa 115; gari la wagonjwa likikosekana, hutumwa dereva wa jirani aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu. Ni kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na vichanga. Mwenye kisukari anajitegemea.

5. Daraja halimfikii kila mtu. Tangu Juni 19, 2025, Daraja la J.P. Magufuli linaunganisha Kigongo na Busisi, na mama mdogo anavuka akiwa kwenye kiti chake. Wa visiwa vya Ukara, Kome na Maisome bado wanasubiri chombo na hali ya ziwa. Ningekuwa na sauti hospitalini, hao wangepangiwa miadi ya mchana, boti ikishafika, badala ya saa mbili asubuhi.