Daktari Akupime kwa Ridhaa Yako

Je, msomaji, daktari anaweza kukukagua bila wewe kukubali? Swali hili lina historia hapa Mombasa.

Mnamo Februari 2015, wanaume wawili walikamatwa Ukunda kwa tuhuma za mapenzi ya jinsia moja. Walipelekwa katika hospitali kuu ya serikali iliyo karibu na mtaa wa Buxton. Huko walikaguliwa sehemu ya haja kubwa, kisha wakatolewa damu kupimwa viini vya ukimwi na homa ya ini aina ya B.

Ukaguzi huo hauthibitishi lolote. Msuli wa sehemu hiyo hukaza au kulegea kwa sababu nyingi: haja ngumu, umri, hata hofu. Hakuna alama inayomwonyesha daktari mtu amelala na nani. Ndiyo maana mwaka 2017 chama cha madaktari wa Kenya kiliukemea.

Wawili hao walishindwa katika Mahakama Kuu mwaka 2016, wakakata rufani. Tarehe 22 Machi 2018, Mahakama ya Rufani mjini Mombasa iliamua kuwa kumkagua mtu hivyo kwa nguvu ni kuvunja haki zake.

Tumaini na shaka

Hata hivyo, mambo hayajatulia. Mei 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikataa kufuta vifungu vya sheria ambavyo adhabu yake hufikia kifungo cha miaka 14. Februari 2023 Mahakama ya Juu ikasema shirika linalotetea watu hawa lisinyimwe usajili. Mlango mmoja umefunguliwa, mwingine ungali umefungwa.

Katikati yake yuko mgonjwa. Anayeogopa kushtakiwa huchelewa kutibiwa. Kisonono hakimsubiri, huendelea kumdhuru, na huenda kikamfikia hata mkewe nyumbani.

Ukienda kupimwa

• Uliza kipimo ni cha nini kabla ya kukubali. Una haki ya kukataa.

• Eleza wazi panapouma na tangu lini. Si lazima utaje jina la mpenzi wako.

• Matokeo yako ni siri kati yako na anayekutibu.

• Uliza kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B na vidonge vya kujikinga na viini vya ukimwi.

Sheria ya kesho hatuijui. Maradhi ya leo yana dawa, mradi mgonjwa asiogope kuingia kwa daktari.