Makazi ya Kudumu Angani: Msafiri Anapogeuka Mkazi

Bismillahi Rahmani Rahim. Kila sifa njema ni ya Allah, Muumba wa mbingu na ardhi, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.



Tangu tarehe 2 Novemba 2000 haijapita siku hata moja bila ya kuwapo binadamu anayeishi nje ya dunia hii. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kinachozunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 400, hakijawahi kuwa kitupu tangu siku hiyo. Lakini wote wanaokwenda huko hurudi. Hata Mrusi Valeri Polyakov, aliyekaa siku 437 mfululizo katika kituo cha Mir kati ya 1994 na 1995, alirudi nyumbani.

Siku hizi yanazungumzwa mambo mengine: watu wahame, wakae huko, wazae na wazikwe huko. Mwaka 2017 Imarati ilitangaza lengo la kujenga mji katika sayari ya Mirihi ifikapo 2117. Hilo limetangazwa na nchi ya Waislamu, kwa hiyo hatuwezi kusema ni habari za watu wengine. Wala Afrika Mashariki si mgeni katika mambo haya. Setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Rwanda, Uganda na Kenya zote zimekwisha kuwa na setilaiti zao.

Katika somo hili tutajibu maswali matatu. Je, jambo hili linawezekana? Je, sharia inalikataza? Na je, anayehamia huko ataabudu vipi?

1. Mji unaoishi kwa bandari

Tuanze na tunachokijua. Simama kwenye Bandari ya Bujumbura utazame meli zinazotoka Kigoma na Mpulungu. Saruji, sukari na bidhaa nyingine huingia kwa njia hiyo. Nchi yetu haina bahari, na kila mmoja wetu anaijua maana ya mzigo kuchelewa. Foleni za esansi za miaka hii zimetufundisha kwamba kitu kimoja kikikosekana, mji mzima husimama.

Hata hivyo, meli zote zikikwama wiki mbili, Bujumbura itaendelea kupumua. Hewa ipo bure, Ziwa Tanganyika limejaa maji, ndagala na mikeke wamo ziwani, na udongo wa Imbo unaotesha mpunga upo. Mkazi wa angani hana hata kimoja katika hivyo. Kwake yeye hata pumzi ni mzigo unaosubiriwa bandarini.

Tena bandari yenyewe haifunguki kila siku. Dunia na Mirihi hukaa mahali panapofaa kwa safari mara moja tu katika kila miezi 26 hivi, na safari huchukua miezi sita hadi tisa. Shehena ikikosa nafasi hiyo, husubiri zaidi ya miaka miwili.

Kwa hiyo wahamiaji watalazimika kutengeneza mahitaji yao wenyewe. Hapa kuna matumaini ya kweli. Barafu ya maji imeonekana Mirihi na kwenye ncha za mwezi. Katika Kituo cha Kimataifa, mwaka 2023 wahandisi walifikia kiwango cha kurudisha asilimia 98 ya maji, yakiwamo ya jasho na mkojo. Kifaa kiitwacho MOXIE, kilichopelekwa Mirihi, kilitengeneza oksijeni kutokana na hewa ya huko. Lakini tangu 2021 hadi 2023 kilitoa gramu 122 tu, kiasi kisichomtosha mtu mmoja kwa siku moja. Njia imeonekana, ila bado ni ndefu.

Jaribio la kufundisha zaidi lilifanyika hapahapa duniani. Mwaka 1991 watu wanane walifungiwa katika jengo la vioo lililoitwa Biosphere 2, Arizona, Marekani, lenye mashamba na miti ndani yake, ili waishi miaka miwili bila msaada wa nje. Oksijeni ilishuka kutoka karibu asilimia 21 hadi asilimia 14 na nusu hivi, mpaka ikabidi iongezwe kutoka nje. Viini vidogo vya udongoni viliitumia oksijeni hiyo, na hewa ya kaboni waliyoitoa ikanyonywa na zege la jengo. Wataalamu hawakuwa wamelitazamia hilo. Mfano mdogo tu wa dunia uliwashinda.

2. Mwili wa binadamu

Allah ameuumba mwili huu kwa kipimo cha ardhi hii. Katika kituo cha angani, mifupa inayobeba uzito hupoteza karibu asilimia moja ya uimara wake kila mwezi, ndiyo maana wanaanga hufanya mazoezi saa mbili hivi kila siku. Macho ya baadhi yao huathirika. Mirihi ina nguvu ya mvutano ya asilimia 38 tu ya dunia, hewa yake ni nyepesi mno, na mionzi hufika chini bila kizuizi kama tulicho nacho sisi. Udongo wake una chumvi za pakloreti ambazo ni sumu kwa binadamu.

Na hakuna mtoto yeyote aliyewahi kuzaliwa nje ya dunia. Hatujui kama mimba itakua salama, wala kama mtoto aliyekulia Mirihi ataweza kusimama kwa miguu yake akija duniani. Tuliweke akilini jambo hili, tutalirudia.

3. Je, Qur'an imekataza?

Wapo wanaotoa hoja kwa Suratul A'raf aya ya 25, ambamo Allah anawaambia Adam na wenzake kwamba katika ardhi wataishi, humo watakufa na humo watatolewa. Wanasema: basi kuishi kwingine ni kupingana na aya.

Lakini aya hiyo inatoa habari juu ya asili na marejeo ya wanadamu. Hakuna ndani yake tamko la kuharamisha. Mtu aliyekufa baharini na mwili wake usionekane tena hatusemi kwamba aya imevunjika. Wengine nao huchukua Suratur Rahman aya ya 33, inayozungumzia kupenya pande za mbingu na ardhi, wakaifanya ni utabiri wa roketi. Mfululizo wa aya zile uko katika utawala wa Allah ambao majini na watu hawawezi kuukimbia. Tusiilazimishe aya kukataza safari, wala tusiilazimishe kuitangaza.

Asili ya mambo ya kidunia ni kuruhusiwa mpaka ije dalili ya kukataza. Kwa hiyo tutazame madhara na maslahi.

4. Msafiri na mkazi

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Waislamu waliokwenda angani wameshughulikiwa na wanazuoni. Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudia alirushwa tarehe 17 Juni 1985, mwishoni mwa Ramadhani. Mwaka 2007 Malaysia ilitoa mwongozo kwa ajili ya Sheikh Muszaphar Shukor: aelekee Al-Kaaba akiweza, akishindwa, uelekeo wa juu yake, kisha dunia, kisha popote. Jua huchomoza na kuzama mara 16 hivi kwa saa 24 katika kituo kile, lakini sala zilibaki tano, kwa saa za mahali aliporushiwa. Mwaka 2023 Sultan Al Neyadi wa Imarati, aliyekaa angani miezi sita, alieleza kwamba yeye ni msafiri na funga si lazima kwake.

Tazama hukumu hizo: kwa sehemu kubwa zimesimama juu ya ruhusa za safari. Anayehamia moja kwa moja si msafiri tena. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, anayenuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa zake hukatika. Kwa Hanafi ni siku kumi na tano. Basi mkazi wa Mirihi ataswali rakaa nne na atafunga Ramadhani yote.

Na anayeishi ndani ya chombo kinachozunguka daima? Wanazuoni wetu walikwisha kulijadili hilo kwa mabaharia. Imamu Ahmad aliona kwamba baharia anayeishi chomboni na mkewe na jiko lake, asiye na makazi mengine, hapunguzi sala, kwa kuwa chombo ndicho nyumba yake. Imamu Shafi aliona anaweza kupunguza, ingawa kukamilisha ni bora. Suala lililoulizwa kwa ajili ya majahazi linaweza kujibu suala la vyombo vya angani.

Kuhusu nyakati, msingi upo katika hadithi iliyopokewa na Muslim juu ya Dajjal. Maswahaba waliposikia kuwa siku moja itakuwa kama mwaka, waliuliza kuhusu sala, na Mtume (s.a.w.) akawaelekeza wakadirie. Siku ya Mirihi ni saa 24 na dakika 39 hivi, kwa hiyo sala tano zinaweza kufuata jua lake. Mwezini ni tofauti: mchana mmoja huchukua karibu wiki mbili zetu, hapo lazima kukadiria. Ramadhani nayo haiwezi kufuata vimwezi vya Mirihi, maana kimoja huizunguka sayari hiyo kwa chini ya saa nane. Itabidi kufuata kalenda ya dunia.

Yanabaki maswali mengine. Wakifika wakazi arubaini, je, Ijumaa itawawajibikia kwa kauli ya Shafi? Maji yakikosekana, je, watatayamamu kwa vumbi lenye sumu? Na aliyekuwa na uwezo wa kuhiji, akahama kabla ya kuhiji mahali pasipo na kurudi, si amejifungia mwenyewe mlango wa nguzo ya tano?

5. Nafsi na kizazi

Februari 2014 gazeti la Khaleej Times liliripoti kwamba kamati ya fatwa ya Imarati ilikataza safari ya Mirihi isiyo na kurudi iliyokuwa ikiandaliwa na mradi wa Mars One, kwa kuwa ni kujitia katika maangamizi, jambo ambalo Suratul Baqara aya ya 195 inalionya. Wenye mradi walipinga. Mwaka 2019 kampuni ilifilisika bila kumpeleka mtu.

Kwa maoni yangu, sababu ile ina nguvu, nayo inakwenda pamoja na hali yake: hatari ikipungua mpaka ikafanana na ya safari nyingine, hukumu nayo itatazamwa upya. Lakini kuna jambo zito zaidi ya nafsi ya anayehama. Mtu mzima anaweza kujichagulia hatari. Mtoto hakuchagua. Kuhifadhi kizazi ni katika makusudio makuu ya sharia, na hakuna aliye na haki ya kumzaa mtoto mahali ambapo hajui kama mifupa yake itamwezesha kuiona Makka.

6. Sisi tufanye nini?

Wako wanaosema tuhame kwa sababu dunia imeharibika. Ndugu zetu wa Gatumba waliohamishwa na mafuriko wanajua maana ya kupoteza makazi. Lakini hata eneo lililofunikwa na maji ni jepesi kulirekebisha kuliko Mirihi. Suratul Baqara aya ya 30 inataja khalifa katika ardhi. Khalifa anayeharibu alichokabidhiwa kisha akatafuta kingine, tutamwamini vipi na hicho cha pili?

Hata hivyo, elimu hii ina kheri. Ufundi wa kusafisha maji ya kituo cha angani ni ufundi ambao vijiji vyetu vinauhitaji. Basi anayesoma fizikia au uhandisi asome kwa nia ya ibada, na anayesoma sharia asisubiri maswali yafike ndipo afungue kitabu. Kaeni pamoja.

Maswali ya kujadiliana katika halaka zetu:

1. Nini tofauti ya msafiri, mkazi wa muda na mkazi wa kudumu katika sala na funga?
2. Je, ridhaa ya wazazi inatosha kumzaa mtoto mahali penye madhara yasiyojulikana?
3. Kati ya madhara tuliyoyataja, yapi yakiondoka yatabadilisha hukumu?

Wallahu a'alam. Allah atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.