SOMO LA MWEZI: KUSHUSHA WIMBO ILI WOTE WAIMBE

Maandiko: Marko 10:46-52, 1 Mambo ya Nyakati 25:6-8, 1 Wakorintho 12:21-22

Tunawaandikia ninyi mlio makazini, sisi ndugu zenu tunaokusanyika hapa Mafubira, Jinja. Somo la mwezi huu lina neno la Mungu na pia kazi ya mikono. Tunaomba walisome viongozi wa kwaya pamoja na wazee wa kanisa.

1. Jambo lililotupata

Dada aliyekuwa akituongozea nyimbo alipata safari ya kuhamia nchi ya tatu pamoja na jamaa yake. Tulimshukuru Mungu, na tulilia pia. Alituachia muziki wa wimbo ambao kwaya yetu huuimba kwenye misiba. Ulirekodiwa katika ufunguo wa G, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya juu. Sisi tuliobaki hatukuufikia. Ilipofika kiitikio, akina mama walinyamaza na akina baba wakaimba lao chini. Mtu alipofiwa hatukuwa na wimbo wa kumfariji.

Sisi wachungaji tulijaribu kuurekebisha kwa kompyuta ya kanisa. Badala ya kushusha sauti tulipunguza mwendo, na wimbo ukavutika kama kaseti ndani ya redio iliyoishiwa betri. Baya zaidi, tulihifadhi kazi hiyo juu ya nakala yetu pekee.

Ndipo kijana wetu mmoja asiyeona, ambaye huketi benchi la mbele kila Jumapili, akasema: "Pasta, nakala nzima ninayo kwenye simu. Nipeni hiyo kompyuta." Tulikuwa tumemwombea mara nyingi, na tumempelekea unga. Lakini hatukuwahi kumwuliza anaweza kufanya nini. Bwana wetu alipokutana na Bartimayo alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Sisi tulijibu bila kuuliza.

2. Kompyuta inayosema

Asiyeona hutumia programu inayosoma skrini kwa sauti. Moja wapo inaitwa NVDA. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, na inatolewa bure. Kila kitufe kinapobonyezwa inataja mahali ulipofika. Panya ya kompyuta haihitajiki.

Programu ya muziki tuliyotumia ni Audacity, nayo ni ya bure. Jambo la kuelewa ni hili: sauti ni mtetemo. Noti ya A iliyo katikati ya kinanda hutetema mara 440 kwa sekunde. Kutoka noti moja hadi ile inayofanana nayo juu yake kuna hatua 12, kila moja ikiitwa nusu-toni. Ukipanda hatua moja, mtetemo unaongezeka karibu asilimia 6. Kutoka G kushuka hadi E ni nusu-toni 3, na hapo ndipo kwaya yetu inapoweza kuimba.

Mwendo ni jambo jingine. Audacity ina kazi tatu zinazokaribiana majina. 'Change Speed' hubadili mwendo na urefu wa sauti kwa pamoja. Hiyo ndiyo iliyotupoteza. 'Change Tempo' hubadili mwendo peke yake. 'Change Pitch' hupandisha au kushusha sauti, na mwendo unabaki ule ule.

3. Hatua za kufuata

Hivi ndivyo kijana alivyotufundisha. Menyu ziko kwa Kiingereza, basi yashikeni maneno kama yanavyosikika.

(a) Tengeneza nakala ya wimbo kwanza, uiweke mahali pengine. Hii ndiyo hatua tuliyoiruka sisi.

(b) Vaa visikilizi. Ukirekodi bila visikilizi, maikrofoni inaweza kunasa sauti ya msomaji wa skrini pamoja na kwaya.

(c) Fungua wimbo ndani ya Audacity. Bonyeza Ctrl na A kuchagua wimbo wote.

(d) Kama ngoma ziko kwenye traki yake, shuka kwa mshale hadi usikie jina la traki hiyo, kisha bonyeza Enter ili iachwe. Ngoma hazina haja ya kubadilishwa ufunguo.

(e) Bonyeza Alt, nenda kwa mshale wa kulia hadi usikie 'Effect', kisha shuka. Katika matoleo ya miaka ya karibuni utaingia kwanza 'Pitch and Tempo', ndani yake utakuta 'Change Pitch'. Katika matoleo ya zamani utaikuta moja kwa moja.

(f) Dirisha likifunguka, bonyeza Tab polepole hadi usikie 'Semitones'. Futa tarakimu iliyomo, andika -3. Alama ya kutoa ni ya kushusha. Bila alama hiyo sauti inapanda.

(g) Endelea na Tab hadi 'Preview', bonyeza kitufe cha nafasi, usikilize kipande. Ukiridhika, nenda 'Apply' au 'OK'. Ukikosea, Ctrl na Z inarudisha ilivyokuwa.

(h) Toa wimbo mpya kupitia menyu ya 'File', sehemu ya 'Export', na uupe jina jipya. Usiandike juu ya ule wa kwanza.

Onyo: usishushe wala kupandisha kupita kiasi. Hatua mbili au tatu masikio yanakubali. Ukienda mbali zaidi, sauti za watu huanza kuwa kama si za watu.

4. Tunajifunza nini?

Kijana alimaliza kabla chai haijapoa. Jumapili iliyofuata akina mama waliimba kiitikio chote, na mzee mmoja aliyekuwa amepoteza mke wake alisimama akaimba nao.

Mfalme Daudi alipopanga waimbaji wa hekalu, walikuwa 288, na kura ilipigwa kwa wote sawasawa, mkubwa na mdogo, mwalimu na mwanafunzi. Paulo naye anafundisha kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajika. Hata Louis Braille, Mfaransa asiyeona aliyebuni maandishi ya nukta, alikuwa mpiga kinanda kanisani Paris. Kanisa lake halikumwacha akae benchi tu.

Wapendwa, sisi wakimbizi tunajua uchungu wa kutazamwa kama watu wa kupokea msaada peke yake. Watu wanatuhesabu, wanatugawia, na ni wachache wanaotuuliza tulikuwa mafundi wa nini kule nyumbani. Ole wetu tukimfanyia ndugu yetu jambo lile lile ndani ya nyumba ya Mungu. Tumetubu mbele ya kusanyiko, na kijana huyo sasa ndiye mtunza muziki wa kanisa. Alhamisi jioni anafundisha vijana wengine watatu, ambao wote wanaona.

5. Maswali ya kujadili katika vikundi

- Ni nani katika kusanyiko letu tunayemwombea kila mara bila kumwuliza anachoweza?
- Je, nyimbo zetu zimewekwa mahali ambapo wazee na watoto wanaweza kuzifikia?
- Kwaya yetu ina nakala ngapi za muziki wake, na ziko kwa nani?

Tuombe: Bwana, utufundishe kuuliza kabla ya kujibu. Uwatie nguvu ndugu zetu wasioona, na uwafungulie wazee wa kanisa masikio. Umbariki dada yetu huko aliko, naye apate kwaya ya kuimba nayo. Amina.