Shahada ya Maigizo: Majibu kwa Barua za Nyaramba

Barua zilizouliza tamthilia ni nini nimeziweka kando. Mlisoma Kigogo au Bembea ya Maisha shuleni, yatosha. Nimechukua zile zinazoninyima usingizi.

Binti yangu ameitwa Chuo Kikuu cha Kenyatta kusomea sanaa za maonyesho na filamu. Kweli bonasi ya chai iende miaka minne akajifunze kuigiza? *(Mzazi, Nyaramba. Wazazi wawili, wa Ekerenyo na Nyansiongo, wameuliza hilohilo kwa ukali zaidi.)*

Wazazi wangu, nawajibu kwa pamoja kwa kuwa kosa lenu ni moja: mnadhani shahada hii ni ya kuigiza tu.

Chukueni mchezo wa setibuku unaoletwa shuleni kwenu. Mnawaona waigizaji watano. Hamumwoni aliyemwandikia mwalimu mkuu, akapiga hesabu ya gari, mafuta na malazi, kisha akaamua kila mwanafunzi alipe ngapi ili wasirudi Nairobi na madeni. Huyo ni mtayarishaji. Hamumwoni aliyeshona maleba kwa namna ambayo mwigizaji anaingia nyuma ya pazia akiwa tajiri na kutoka akiwa askari kabla mwenzake hajamaliza kusema. Tena hamumwoni meneja wa jukwaa, ambaye mimi nampenda kuliko wote. Ana nakala yake ya mchezo, na pembeni mwa maneno ameandika kila kitu: hapa taa ya 14, hapa mlango ubishwe, hapa mfalme aingie kwa kulia. Fundi wa taa habahatishi. Anangoja neno la meneja. Siku ya onyesho hata mwelekezi hukaa na watazamaji akanyamaza, kwa maana kazi yake ilikwisha kwenye mazoezi.

Taa nazo zina elimu yake. Ukimulika kutoka mbele peke yake, uso unakuwa bapa kama sahani. Mulika kutoka juu, kushoto na kulia, kwa pembe ya digrii 45 hivi, na aliyeketi nyuma kabisa ataona macho. Kipaji hakimfundishi mtu hayo. Tena ndiyo yenye ugali: matamasha, televisheni, makanisa makubwa, mikutano ya hadhara, kote huko wanatafutwa watu wa taa, sauti na ratiba. Mwigizaji hungoja aitwe.

Mpelekeni.

Nimepata C. Nitaingia?

Shahada, hapana; inataka C+. Diploma huanzia C-. Itafute kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, wanaowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, si kwenye bango la stendi linalouza cheti cha wiki mbili.

Ajenti wa Nairobi anataka elfu tano ya usajili ili aniweke kwenye filamu.

Usitume. Ajenti wa kweli hukata asilimia yake ukishalipwa.

Ni kweli wasichana wa drama huharibika?

Mama, mwogope anayeeneza maneno hayo. Na mwelekezi akimtaka msichana kimapenzi ili ampe nafasi, huyo ni mhalifu, ashtakiwe. Msimtoe msichana kwenye kozi.

Lafudhi yangu ya Kikisii itanifanya nichekwe.

Mwanangu, mafunzo ya sauti hukufundisha pumzi, na neno kufika kiti cha mwisho. Hayaji kukufuta. Kinachonikera ni vichekesho ambamo Mkisii kazi yake ni kupayuka, nasi nyumbani twashika mbavu. Jifunze lafudhi za wengine watatu, ndipo ya kwako iwe ya kuchagua. Na kabla hujaondoka, kaa na mzee anayepiga obokano, kinubi cha Wakisii. Ana nyuzi nane na sauti yake mwenyewe, na kwa hizo anaishika hadhira usiku mzima. Sijui mhadhiri anayelifundisha hilo vizuri zaidi.

Mwalimu mkuu amefuta drama. Anahofia yaliyowapata wasichana wa shule ya Butere.

Mwalimu mwenzangu, mwonyeshe mambo yote, si moshi pekee. Mwaka 2013 mchezo wao, Shackles of Doom, ulipigwa marufuku, mahakama ikaurudisha. Aprili 2025 Mahakama Kuu iliamuru mchezo wao mwingine, Echoes of War, uruhusiwe. Huko Nakuru, kwenye tamasha la kitaifa la drama, polisi wakarusha vitoa machozi, wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka jukwaani. Sheria haikuwa upande wa waliorusha.

Nikihitimu nirudi Nyaramba nifanye nini? Hakuna ukumbi.

Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walibeba michezo yao wakazunguka nayo vijijini, kwa lugha kadhaa, bila kiingilio. Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza msafara wake mwaka 1974. Kamiriithu, kule Limuru, wanakijiji walijijengea jukwaa la wazi mwaka 1977. Serikali ikafuta kibali cha mchezo wao, na mwaka 1982 ikalibomoa. Basi anza na kibali. Kisha omba bwalo la shule Jumamosi, azima jenereta, maana stima ya kwetu mnaijua, na weka onyesho siku ya soko, liishe kabla matatu za mwisho hazijaondoka.